Bei Niliyoitaja Mbamba Bay

Mimi naitwa Vitalia, fundi cherehani, na ugonjwa wangu ni kuuliza. Mama mkwe wangu Tadea, kule Kitura, kwetu Umatengoni, husema siku nikifa nitamsimamisha Mtakatifu Petro mlangoni nimuulize funguo zake alichongesha wapi. Sawa, namkubalia. Lakini mtu asiyeuliza anajuaje mambo? Miaka sita nilishona kwenye baraza ya duka la vitambaa la Zaidi, pale Mbinga mjini, na katika miaka hiyo sita hakuna jambo la nyumba ile lililonipita. Wao Waislamu, mimi Mkatoliki, lakini kitenge kilichokatwa ndani kinashonwa nje, na maneno nayo yanafuata njia hiyohiyo.

Kwa hiyo talaka ya Zaidi na Kauthar niliijua kabla ya majirani. Zaidi alimwacha mkewe akiwa na mimba ya miezi saba. Waligombania nini? Nikwambie ukweli, hata mimi sikupata jibu lililonyooka, na niliuliza pande zote mbili. Nilichojifunza ni kwamba mwanamke wao akiachwa na mimba, eda yake inakwisha siku anayojifungua, na mpaka siku hiyo mume anamtunza. Zaidi alimtunza. Alimpangia chumba nyuma ya kwangu, akapeleka unga, mchele na mafuta, hakuruka hata wiki moja. Sitaki mtu amwone Zaidi mtu mbaya. Mgumu wa bei, ndiyo. Mbaya, hapana.

Kauthar akajifungua binti, wakamwita Salha. Wiki ya pili homa ikamwangusha, titi moja likavimba likawa gumu na la moto, mtu akawa hata kukaa hawezi. Hamphrey wangu wakati huo alikuwa na miezi miwili, na maziwa yalikuwa yananimwagikia mpaka kwenye nguo za wateja. Sasa mtoto analia upande wa pili wa ukuta, mimi nifanyeje, nizibe masikio? Nikaenda nikamchukua. Salha kushoto, Hamphrey kulia, siku nne mfululizo. Siku ya tano Kauthar akaketi, akanyoosha mikono, nikamrudishia mwanawe. Hakuna aliyetaja malipo. Tadea angenikimbiza na mwiko kama angesikia nimepokea hata kipande cha sabuni kwa kumnyonyesha mtoto wa mwenzangu.

Alipopata nguvu Kauthar akateremka Mbamba Bay, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaanza kuuza usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani. Nikabaki na Zaidi na vitambaa vyake.

Salha alikuwa na miezi minane siku Zaidi alipotoka ndani na simu mkononi, uso umemkunjamana.

"Fundi, wewe ni mama. Umewahi kusikia mwanamke anamtaka baba ujira wa kumnyonyesha mtoto aliyemzaa mwenyewe? Elfu themanini kwa mwezi! Na hiyo ni mbali na matumizi ya mtoto ambayo natuma!"

Mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikasema kwa sauti ileile ya barazani ambayo hata wauza ndizi ng'ambo ya barabara wanaisikia: "Makubwa haya! Ningekuwa mimi ningemnyonyesha bure mpaka aote magego!"

Zaidi akanitazama. "Kweli, fundi?"

"Kweli nini tena? Si nilishamnyonyesha? Nilikudai?"

Akarudi ndani, nikamsikia anapiga simu, na mimi nikaendelea kutia lastiki kwenye sketi. Mdomo huu, jamani! Laiti ungekuwa na zipu, ningeishona mwenyewe.

Siku mbili baadaye akaniambia nifunge cherehani Jumamosi, tunakwenda Mbamba Bay, kuna kikao cha mambo ya mtoto kwa Shehe Hamidu. Hebu niambie, mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo niliuliza? Wapi! Sijawahi kuona kikao cha shehe maishani mwangu. Nilichowaza ni watakaa vipi, wanawake wanaruhusiwa kusema, kuna kitabu, kuna muhuri. Kwamba mimi nakwenda kama nani, hilo halikunijia kabisa.

Tukateremka na gari la Zaidi, Hamphrey mapajani. Njia nzima ilikuwa kona na vumbi, na yeye alikuwa anaongea habari za Salha tu. Alikuwa amemnunulia gauni dogo la njano. Mara mbili alisimamisha gari anionyeshe mishono. "Itamkwaruza shingoni, fundi? Hebu pitisha kidole." Miezi minane alikuwa amemwona binti yake mara tano. Alizihesabu kwa sauti, akizikunjia vidole. Nilimwonea huruma kweli.

Nyumba ya Shehe Hamidu iko karibu na ufuko, madirisha yanatazama mitumbwi iliyovutwa mchangani. Kauthar alikuwa ameshafika, Salha mapajani, mnene kama nini, vifundo vya mikono havionekani. Aliponiona aliruka akanikumbatia mimi na Hamphrey pamoja.

"Mama Hamphrey! Umekuja kunisimamia?"

"Nimekuja kuona," nikamjibu, tukacheka wote wawili.

Shehe Hamidu ni mtu wa makamo, mpole wa sauti, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja. Alianza kwa kusoma, kisha akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Akasema katika Sura ya Talaka, Mungu amewaambia wanaume: hao mliowaacha wakiwanyonyeshea watoto wenu, wapeni ujira wao, na mshauriane kwa wema. Na mkioneana uzito, basi mwanamke mwingine atamnyonyesha.

Nikatikisa kichwa. Kumbe Kauthar hakuwa amechanganyikiwa! Kumbe kitu chenyewe kimeandikwa! Nikajiona mjinga kwa kile kicheko changu cha barazani, nikasema moyoni nitamwomba radhi tukitoka.

"Mimi sibishani na Kitabu, Shehe," Zaidi akasema. "Ila nina mwanamke mwingine. Alishamnyonyesha Salha, naye yuko hapa."

Nikageuka kutazama nyuma nimwone huyo mwanamke. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Shehe akaniuliza nilimnyonyesha mara ngapi, na kama mtoto alikuwa anashiba. Nikahesabu vidole vikaisha. Siku nne, mchana na usiku, thelathini hazipungui, na alikuwa anashiba mpaka anacheua. Akasema kwao zinatosha mara tano tu. "Basi wewe ni mama yake wa kunyonya. Na huyu kijana ni kaka yake. Hawataoana kamwe."

"Haa! Na mimi Mkatoliki?"

"Haijalishi dini yako. Umemnyonyesha, umekuwa mama."

"Na Zaidi anakuwa nani wangu?"

"Zaidi hawi kitu kwako," akasema Shehe, na wote wakaangua kicheko, Kauthar naye. Nilijisikia vizuri sana, nikamtazama Salha upya. Binti yangu! Nani angejua mambo kama haya yapo?

Ndipo Zaidi akasema, taratibu, macho kwenye mkeka: "Mama huyu ameniambia kwa kinywa chake atamnyonyesha Salha bure. Mama wa mtoto anataka elfu themanini. Naomba Salha aje Mbinga. Atalala kwa dada yangu, mlango wa tatu kutoka kwa fundi, na mimi nitamwona kila siku."

Kicheko kikakatika. Shehe akanigeukia. "Ulisema hivyo, mama?"

Nikasema nini? Kweli nilisema. "Nilisema, Shehe. Bure. Lakini..."

"Na hata huyu akichoka," Zaidi akanikatiza, "Umatengoni mwanamke hachukui ujira kwa kumnyonyesha mtoto. Ni mila yao. Nikimkosa huyu nitampata mwingine kesho yake."

Kauthar hakulia. Alinitazama tu, kisha akamgeuza Salha uso umwelekee yeye, kama mtu anayeficha kitu kwa mwizi. Mwadhini wa adhuhuri akaanza, na Shehe akasema tusimame, tusali, tule, kisha aseme neno lake.

Nilimfuata Kauthar uani. "Mdogo wangu, mimi sikujua..."

"Usinisogelee!" akasema, akaingia chumba cha wanawake na kufunga pazia. Nikabaki nimesimama na Hamphrey mgongoni, nimepigwa na butwaa, na hasira zinanipanda. Nilimkasirikia Zaidi, halafu nikajikasirikia mimi mara mbili yake.

Jikoni nikamkuta mke wa Shehe, Bi Mwanakombo, anaparua samaki, mbasa mkubwa kama mkono wake. Ni mwalimu wa madrasa, nywele nyeupe. Nikamwamkia, nikachukua kisu kingine bila kuombwa, maana nikiwa na kitu mkononi ndipo nauliza vizuri.

"Mama, Zaidi anaweza kweli kumchukua mtoto kwa sababu ya neno langu?"

"Kunyonyesha ni haki ya mama kwanza," akasema. "Akitaka ujira wa kawaida, baba anampa, na mtoto anabaki naye. Lakini akipatikana wa kunyonyesha bure, au kwa chini ya anachotaka mama, wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wanasema baba hawi na lazima ya kumlipa mama. Ataambiwa: nyonyesha na wewe bure, au mwachie mwenzio."

"Si akubali bure basi, abaki naye?"

Bi Mwanakombo akanitazama kama mtoto wa darasa lake. "Atakula nini? Usipa unanunuliwa alfajiri mtumbwi unapoingia, unakaangwa, unauzwa mpaka jioni. Anayenyonyesha mtoto mdogo anaweza nusu ya hiyo kazi. Ujira ndio nusu nyingine. Mungu hakuuweka kwa mchezo."

Nikaparua magamba ya upande wa pili. "Na mimi nikikataa tu? Nikisema sitaki tena?"

"Umemsikia mwenyewe. Atakwenda kutafuta mwingine, naye atasema bure kama ulivyosema wewe."

"Na wote tukitaka zaidi ya anachotaka Kauthar?"

Kisu chake kikasimama. "Basi hakuna kesi," akasema. Akaniletea maji ya kunawa.

Sasa nikueleze jambo la barazani kwetu, uelewe. Pale tuko mafundi saba, duka hadi duka. Sketi ya shule ni elfu tano. Fundi mmoja akishona kwa elfu nne, jioni yake wote tumeanguka, kila mteja anatuimbia elfu nne. Lakini mmoja akisimama mbele ya watu akasema kwa sauti "mimi elfu sita, hutaki acha," wale wengine wanaona haya kushuka. Bei inakamatwa na wa kwanza kuitaja. Zaidi anaijua kanuni hiyo kuliko mimi, amekua dukani. Na Umatengoni hakuna mtu aliyewahi kuitaja bei ya kunyonyesha, ndiyo maana ilikuwa bure. Mtu mmoja angeitaja, tena kwa kelele, basi yeyote atakayefuatwa na Zaidi angeuliza kwanza, "Mama Hamphrey alitaka ngapi?"

Huyo mtu wa kuitaja ndiye mimi. Nilimwona Tadea na mwiko wake. Nilisikia wanawake wa jumuiya yetu ndogondogo ya kanisani wakinong'ona, Vitalia kageuka ng'ombe wa maziwa. Lakini nilipofikiria mtoto yule mnene ananyofolewa kwa mama yake kwa sababu mimi nilitaka kuchekesha barazani, nikaona heri ninong'onwe.

Tulipokaa tena Shehe akaniuliza: "Mama Hamphrey, nataka neno la mwisho. Utamnyonyesha Salha bure mpaka atimize miaka miwili?"

"Shehe, nilisema ovyo," nikasema. "Kumsaidia mgonjwa siku nne ni msaada, na msaada huo nitautoa hata kesho. Lakini miezi kumi na sita ni kazi. Mimi ni fundi. Nikinyonyesha wawili, cherehani inalala. Nataka laki moja na nusu kwa mwezi."

Zaidi akashtuka. "Fundi! Wewe?"

"Mimi, ndiyo. Na nyama mara mbili kwa wiki, maana maziwa hayatoki kwenye makande matupu. Na msimu wa kahawa nataka mtu wa kunisaidia shambani." Nikishaanza huwa sisimami. "Nenda Kitura, nenda popote. Kesho baada ya misa ya pili nitakuwa nimeshawaambia wanawake wote bei yangu. Tuone ni nani atajidhalilisha chini yake!"

"Unaapa kwamba hiyo ndiyo bei yako?" Shehe akauliza. Alinitazama juu ya miwani, muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Bei ni yangu, Shehe. Ukinilipa hiyo nanyonyesha. Pungufu ya hapo, hapana." Na hilo halikuwa uongo. Tangu nilipoitoa kinywani ikawa bei yangu kweli.

Zaidi alikuwa anapiga hesabu, midomo inacheza. Nilimwona alipofika mwisho wa hesabu, mabega yakashuka. Aliweka mkono juu ya lile gauni la njano kwenye mfuko wa nailoni, akalikandamiza.

Shehe hakuzunguka. Salha anabaki kwa mama yake, kwa elfu themanini, mpaka atimize miaka miwili, isipokuwa wazazi wote wawili washauriane na kuridhiana kumwachisha mapema. Kisha akamgeukia Kauthar akasema kwa ukali kidogo kwamba mama hatiwi dhiki kwa sababu ya mwanawe, na baba naye vilevile. Zaidi akija, siku yoyote, mlango uwe wazi, akae na binti yake, amlishe uji, amlaze akitaka. Kauthar akakubali. Akamnyanyua Salha akampa baba yake, na Zaidi akamvalisha gauni juu ya nguo aliyokuwa nayo, vifungo vikimshinda. Nikamfungia mimi.

Leo nayasema kwa sababu Salha ameshaachishwa kunyonya na hakuna wa kulifufua shauri lile. Barazani kwa Zaidi nilihama mwezi uleule, hakunifukuza, ila salamu zilikuwa fupi mno. Tadea alikaa wiki tatu bila kula chakula changu. Hayo nilishayatarajia.

Nisilolitarajia lilinikuta mlangoni, tulipokuwa tunaondoka. Zaidi alikuwa ameshakaa kwenye usukani, kioo kimeshushwa, hatua nne kutoka tulipokuwa. Kauthar alinifuata akiwa amempakata mtoto.

"Nilikukabidhi mwanangu nikiwa sijiwezi," akasema. "Nilimwambia kila mtu huku kwamba Mbinga nina dada. Kumbe kwanza ulitaka kuninyang'anya bure, halafu ulipoona kuna fedha ukataka kumfanyia biashara."

Jamani! Mimi ambaye siwezi kukaa na neno hata dakika moja! Jibu lilikuwa limejaa mdomoni. Ningesema nusu yake tu, Zaidi angesikia, angezima gari, angerudi ndani kwa Shehe na kusema: mnaona, bei yenyewe ilikuwa ya uongo. Nikamtazama Kauthar, nikalimeza jibu lile.

"Maisha magumu, mdogo wangu," nikasema.

Akatema mate pembeni, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasimama pale na Hamphrey mgongoni, Zaidi ananipigia honi. Ndani Salha akalia kidogo, kisha akanyamaza ghafla, kama mtoto anavyonyamaza akishapewa titi.